Hu, hi na mi: makosa ya watoto wa Kiebrania na Kiingereza yanatoka wapi

Katika Kiebrania, neno la kuulizia "nani" ni mi. Mvulana anayetajwa ni hu, msichana ni hi. Sasa yasikilize hayo matatu kwa sikio la Mwingereza. Mi kwake ni "me", yaani mimi. Hu ni "who", yaani nani. Hi, inayotamkwa kwa i kama ya Kiswahili, ni "he", yaani yeye wa kiume. Kwa hiyo nani amekuwa mimi, mvulana amekuwa nani, na msichana amekuwa mvulana. Mtoto wa miaka miwili na nusu anayelelewa Yerusalemu na mama Mmarekani na baba Mwisraeli anaishi na mzunguko huu kutwa nzima. Akiulizwa "Mi?" akajinyooshea kidole kifuani, wakubwa huangua kicheko.

Kicheko hakina ubaya. Ubaya ni kuishia hapo, au kuingiwa na hofu kwamba mtoto amechanganyikiwa. Karibu kila kosa la namna hii limekalia kanuni halali ya lugha moja iliyotumika ndani ya lugha nyingine. Ukishaijua kanuni hiyo, unajua pia kama kosa litakwisha lenyewe, kama linahitaji msaada kidogo, au kama halihusiani kabisa na lugha mbili na mtoto apelekwe kupimwa.

Sauti zinazofanana

Makosa ya sauti ndiyo yanayochekesha zaidi na ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote. Dag ni samaki, lakini asiyejua Kiebrania husikia mbwa. Kar ni baridi, naye husikia gari. Lama ni "kwa nini", na pia ni jina la yule mnyama wa Amerika Kusini, kwa hiyo mtoto anayetajiwa jina hilo kwenye bustani ya wanyama anaweza kudhani ameulizwa swali. Gan ni chekechea, na linatamkwa karibu sawa na neno la Kiingereza la bunduki. Mtoto aliyehamia New Jersey mwezi uliopita akimwambia mwalimu kwamba kuna kitu amekiacha "in the gan", ni vizuri mwalimu awe ameshaelezwa mapema.

Makosa haya huwapata zaidi watoto wadogo, na hasa neno linaposemwa peke yake. "Mi?" tupu ina utata. "Mi ba?", nani amekuja, haina utata, kwa sababu neno la pili limekwisha kumwonyesha mtoto ni lugha gani inayosemwa. Dawa yake basi ni rahisi: mpe mtoto sentensi nzima badala ya neno moja.

Vokali ni jambo jingine. Kiebrania cha leo kina vokali tano kama Kiswahili, na Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo. Mtoto aliyezoea Kiebrania zaidi hutamka "ship" na "sheep" sawasawa, "bad" na "bed" vilevile, na "this" humtoka kama "zis". Msomaji wa Kiswahili anazijua jozi hizi tangu darasani. Mtoto aliyezisikia lugha zote mbili tangu kuzaliwa kwa kawaida huzitenganisha bila kufundishwa. Anayehangaika nazo ni yule aliyekutana na Kiingereza shuleni.

Funga taa, niletee chumvi

Makosa yanayodumu hayako kwenye sauti. Yako kwenye tafsiri sisisi: maneno yote ni ya Kiingereza, matamshi ni safi, lakini sentensi imejengwa kwa Kiebrania.

Mfano unaosikika sana ni "close the light". Katika Kiebrania cha kila siku watu hufunga taa, lisgor et ha-or, na hufungua televisheni. Mtoto anazihamisha picha hizo kama zilivyo. Sisi tunaofungulia redio hatuna sababu ya kushangaa. Vivyo hivyo mezani: Mwisraeli akitaka apewe chumvi husema tavi li, niletee, hata kama chumvi iko sentimita kumi kutoka kwa anayeombwa. Mtoto akisema "bring me the salt", bibi yake wa London huona mjukuu anaamrisha. Kumbe mtoto ametumia lugha ya kawaida kabisa ya mezani kwao.

Kuna moja linalotia watu wasiwasi wa bure. Katika Kiebrania, ein li koach maana yake neno kwa neno ni "sina nguvu", lakini hutumika kumaanisha sijisikii kufanya jambo, nimechoka nalo, sitaki. Mtoto mwenye afya tele akiambiwa apange vitu vyake hujibu "I don't have strength". Anayemsikia kwenye simu kutoka ng'ambo huuliza kama mtoto anaumwa.

Baridi nayo ina mtego wake. Kiebrania hakisemi "mimi ni baridi" kama Kiingereza; husema kar li, "ni baridi kwangu", na mtoto hutoa "it's cold to me". Kiswahili kimechukua njia ya tatu, tunasikia baridi. Kutoka upande wa Kiingereza kwenda Kiebrania, kosa hili ni zito zaidi: anayetafsiri "I'm hot" kwa kusema ani cham badala ya cham li amesema jambo la chumbani. Mtoto hajui. Mwambie neno sahihi, usimweleze sababu.

Kuvaa kunaonyesha jinsi lugha zinavyoikata dunia kwa visu tofauti. Kiswahili kina kuvaa, basi: shati, viatu, kofia, miwani, vyote tunavaa. Kiebrania kina kitenzi chake kwa kila kimoja: lilbosh kwa nguo, linol kwa viatu, lachavosh kwa kofia, ligrov kwa soksi, leharkiv kwa miwani, laanod kwa vito. Mtoto anayeegemea Kiingereza hubeba lilbosh moja tu akaitumia kuanzia kichwani hadi miguuni. Wenzake wa chekechea humwelewa, ingawa hucheka. Msaada unaofaa ni wa vitendo: asubuhi, kila nguo inapovaliwa, mzazi anataja kitenzi chake pamoja na kitu chenyewe. Hii inashinda orodha yoyote ya kukariri, kwa sababu soksi huvaliwa kila siku.

Vihusishi: hapa ndipo penye kazi

Tukilazimika kuchagua sehemu moja ya kumfuatilia mtoto kwa makini, tungechagua vihusishi. Katika Kiebrania vitenzi vingi vina vihusishi vyake, na vinakaririwa pamoja. Kuogopa huenda na mi-, "kutoka": mtoto husema "I'm afraid from the dog". Kukasirika huenda na al, "juu ya": "he's angry on me". Kucheka pia: "they laughed on me". Kutazama pia: "look on me". Kusaidia na kusubiri huenda na le-, "kwa": "help to me", "wait to me". Siku za wiki huchukua be-, "katika": "in Sunday".

Zisome hizo sentensi pamoja uone kwamba mtoto hajabahatisha hata mara moja. Kila kihusishi ni sahihi kabisa, isipokuwa kimetoka lugha ya jirani. Kiswahili kazi hii mara nyingi hukifanyia kitenzini, kwa kiambishi kidogo kinachobeba maana nzito: ananicheka na ananichekea ni mambo mawili yasiyofanana, na mgeni anayejifunza Kiswahili huyachanganya kwa njia ileile ambayo mtoto huyu anachanganya "at" na "on".

Ukanushaji unaweza kugeuza maana nzima. Kiebrania huweka lo, "si", baada ya "mpaka": lo ishan ad she-lo tesapri li sipur. Mtoto akiipeleka Kiingereza anapata "I won't sleep until you don't tell me a story", ambayo kwa Mwingereza ni kinyume cha anachotaka. Anasema halali mpaka asimuliwe hadithi, anasikika kama anaomba hadithi ikome. Af echad lo ba, hakuna aliyekuja, nayo huwa "nobody didn't come". Kiebrania kinakanusha mara mbili, na Kiingereza cha shule hakikubali.

Wakati wa kitenzi nao hukosewa, ingawa haulisumbui sikio sana. Kiebrania hakina umbo la pekee la tendo linaloendelea, wala lile lililoanza zamani na bado lipo. "I'm here already an hour" ni Kiebrania kilichovaa maneno ya Kiingereza, na neno "already" pale ni kvar, ambalo Waisraeli hulitumia sana.

Na kuna maneno ambayo mtoto hatayatafsiri kabisa. Stam, ambalo liko karibu sana na "basi tu" au "hivihivi tu" yetu, linabaki stam hata ndani ya sentensi ya Kiingereza. Ukimuuliza kwa nini amemvuta dada yake nywele, hujibu "stam". Kiingereza hakina neno moja linalofanya kazi hiyo, na watu wazima wa lugha hizi mbili hufanya hivyohivyo. Hilo tusiliite kosa.

Mizizi, kalibu, na wingi mara mbili

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu tumeazima maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Tazama kitabu, katibu, maktaba: k, t na b hazibadiliki, vokali zinahama. Kiebrania kina mzizi huohuo: katav ni aliandika, kotev anaandika, michtav ni barua. Kitenzi cha Kiebrania ni konsonanti, kwa kawaida tatu, zinazomiminwa katika mojawapo ya kalibu saba. Lamad ni alijifunza. Mimina konsonanti zilezile katika kalibu nyingine upate limed, alifundisha. Mtoto anayeegemea Kiingereza, ambaye hajazoea kupata maana mpya kwa kubadili vokali ndani ya neno, husema ha-mora lomedet oti, yaani mwalimu "ananijifunza".

Kiingereza kwa upande wake huongeza kipande mwishoni. Mtoto mwenye lugha mbili huikutanisha mifumo hiyo: mafria ni anasumbua, na kwenye vyumba vya watoto wa familia hizi utasikia "he's mafria-ing me". Kitenzi cha Kiebrania, mkia wa Kiingereza. Wakati mwingine husema "he's mafria to me", kwa sababu kitenzi hicho katika Kiebrania hudai li, "kwangu", na mtoto amekihamisha pamoja na mzigo wake.

Wingi ni vivyo hivyo. Mpira ni kadur, mipira ni kadurim. Mtoto anaweza kusema "kadurs", au akaweka tahadhari mara mbili na kusema "kadurims". Usimcheke sana, kwa sababu lugha yenyewe ya wakubwa imefanya jambo hilohilo. Waingereza walitawala Palestina mpaka 1948, na Kiingereza kilikuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi pamoja na Kiarabu na Kiebrania. Mafundi wa magari wakapokea majina ya vipuri kutoka kwao. Breki kwa Kiebrania cha gereji ni breks, neno ambalo tayari lina s ya wingi, na wingi wake ni breksim, wingi juu ya wingi. Ekseli ya nyuma ikawa bekaks, kisha neno likapoteza maana ya "nyuma", na fundi leo anaweza kutaja bekaks kidmi, ambayo kwa asili ni "ekseli ya nyuma ya mbele". Sisi tulifanya hivyo kwa njia yetu: "keep left" iliposikika kipilefti, wingi ukawa vipilefti, na "mudguard" iliposikika madigadi, ikaonekana ni wingi na umoja ukazaliwa, digadi.

Vitenzi vipya vya wakubwa vinatumia kanuni ambayo mtoto anaifanyia mazoezi. Legagel ni kutafuta kwa Google, lesames ni kutuma ujumbe mfupi wa simu, lefakses ni kutuma faksi. Konsonanti zimechukuliwa, zimepangwa upya, zimewekwa kwenye kalibu. Mtoto wa miaka mitano anayebuni kitenzi kama hicho kutokana na neno la Kiingereza ameonyesha kwamba kalibu amezielewa. Hiyo ni dalili nzuri.

Mvulana anayesema kama msichana

Kiebrania hutenganisha jinsia hata katika "ninataka": mvulana husema ani rotze, msichana ani rotza. "Wewe" ni ata kwa mwanamume na at kwa mwanamke. Fikiria nyumba ambayo baba anaongea Kiingereza tu, na Kiebrania chote kinatoka kwa mama, dada na mwalimu wa chekechea. Mvulana huyo husikia "ninataka" siku nzima kutoka vinywa vya kike, na husema ani rotza. Hana tatizo la ufahamu. Amenakili alichosikia, na hajasikia mwanamume akijisemea.

Anachohitaji ni sauti ya kiume ya Kiebrania: babu, mjomba, kijana wa jirani wa kucheza naye mpira mara kadhaa kwa wiki. Mama kwa upande wake akimsikia akisema ani rotza, amjibu kwa swali lenye umbo sahihi, "Ata rotze tapuach?", unataka tofaa, halafu aendelee na tofaa.

Jinsia humfuata mtoto hadi kwenye Kiingereza. Mlango, delet, ni wa kike. Meza, shulchan, ni ya kiume. Mtoto husema mlango "she" na meza "he". Mswahili anayezungumza Kiingereza ana shida ya upande wa pili, kwa kuwa yeye yetu haibagui mume na mke, lakini mantiki ni moja: tumezoea kitu kitajwe kwa ngeli yake.

Hesabu tuipite haraka. Namba za Kiebrania zina jinsia, tena kwa mpangilio uliopinduka, shlosha banim kwa wavulana watatu na shalosh banot kwa wasichana watatu, na umbo lenye mwisho wa a, ambao kwingineko ni alama ya kike, ndilo la kiume. Wakubwa waliozaliwa na lugha hiyo huzikosea dukani kila siku. Mtoto wa lugha mbili akizikosea, mwache. (Atakayejifunza kuhesabu atapata faraja kwingine: shesh, sheva na tesha ni ndugu wa sita, saba na tisa.)

Mtoto akihama

Hali hugeuka familia ikihamia Marekani. Kiingereza kinapanda, na makosa yanaanza kutokea ndani ya Kiebrania. Kihusishi huachwa mwishoni mwa swali, jambo ambalo Kiebrania hakiruhusu: "ma ata mistakel al?", badala ya al ma ata mistakel, unatazama nini. Kuoga, ambako kwa Kiebrania mtu "hufanya" miklachat, huwa "kuchukua" kama kwa Kiingereza.

Dorit Kaufman na Mark Aronoff walichapisha mwaka 1991 uchunguzi wa mtoto wa Kiisraeli aliyepelekwa Marekani akiwa mdogo sana. Kiebrania chake kilipoanza kufifia, hakikupotea ovyo neno moja moja. Mtoto aliacha kalibu nyingi za vitenzi na kuunda moja ya kwake, akawa anavimimina vitenzi vyote humo. Ruth Berman wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alikuwa amechapisha mwaka 1979 habari za mtoto wa Kiebrania na Kiingereza ambaye lugha yake moja ilizama kisha ikaibuka tena alipoirudia. Kwa wazazi, jambo la kushika hapo ni kwamba ukimya wa lugha moja kwa miezi kadhaa hauthibitishi kwamba lugha hiyo imekufa.

Hofu ya kuchanganya

Hofu hii ina historia yake katika Kiebrania. Eliezer Ben-Yehuda alifika Yerusalemu mwaka 1881 akiwa ameazimia kwamba nyumba yake itasema Kiebrania pekee, lugha ambayo wakati huo haikuwa lugha ya mama ya mtoto yeyote. Mwanawe, aliyezaliwa 1882 na baadaye kujulikana kama Itamar Ben-Avi, alitengwa na lugha nyingine, na husimuliwa kwamba alichelewa sana kusema, na kwamba baba alighadhibika alipomkuta mama akimwimbia wimbo wa Kirusi. Maneno mengi ya nyumbani hayakuwapo; taulo, magevet, na aiskrimu, glida, ni miongoni mwa yale ambayo baba aliyaunda.

Nje ya nyumba hiyo wazo la kutenganisha lugha lilipata umbo la kitaalamu. Jules Ronjat, Mfaransa, alichapisha mwaka 1913 kitabu juu ya mwanawe aliyelelewa kwa kanuni ya mtu mmoja lugha moja. Mwaka 1978 Virginia Volterra na Traute Taeschner walidai kwamba mtoto huanza na mfumo mmoja uliochanganyika, na ndipo hutenganisha. Mwaka 1989 Fred Genesee alipinga: mtoto hutenganisha mapema, na ushahidi wake ni kwamba hubadili lugha kulingana na anayemsikiliza. Msimamo wa Genesee ndio uliokubalika zaidi, na unaweza kuupima mwenyewe nyumbani. Je, mtoto huchanganya na bibi asiyejua Kiebrania kiasi kilekile anachochanganya na mama anayejua zote mbili? Kama kwa bibi anapunguza, hata kidogo, basi anajua kwamba lugha ni mbili.

Chukua daftari, uandike kwa wiki mbili. Kila ingizo liwe na tarehe, nani alikuwepo, lugha iliyosemwa kabla mtoto hajafungua mdomo, na sentensi yake kamili kama ilivyotoka, bila kuisahihisha. Wengi huandika neno la kuchekesha tu na kuacha sentensi, na hapo daftari halifai kitu, maana kosa la "on" halionekani bila "angry". Mwisho wa wiki mbili panga makosa: ya sauti, ya neno lililokosekana, ya kihusishi, ya umbo la kitenzi. Yakikusanyika upande mmoja, umejua pa kuanzia.

Namna ya kujibu ina uzito kuliko wazazi wanavyodhani. Elizabeth Lanza, aliyefuatilia watoto wa Kinorwe na Kiingereza, alieleza njia tano: kujifanya hujaelewa ili mtoto arudie, kukisia kwa swali, "unamaanisha...?", kurudia maneno yake katika lugha unayoitaka, kuendelea na mazungumzo kama kawaida, au wewe mwenyewe kuhama lugha. Zile za mwanzo humvuta mtoto kwenye lugha moja, za mwisho zinaruhusu mchanganyiko. Ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa siku za kawaida. Mtoto akisema "I'm afraid from the dog", jibu "You're afraid of that dog? He's tied up." Umesahihisha na umejibu hofu yake. Ya kwanza ni ya kutumia mara chache, na isitumike kamwe mtoto akiwa analia. Kumwambia "sema vizuri" mbele ya wageni humfanya aikwepe lugha anayokosolewa.

Ni lini upeleke mtoto kwa mtaalamu wa usemi? Kuchanganya peke yake si sababu. Sababu ni hizi: karibu na miaka miwili bado haunganishi maneno mawili katika lugha yoyote, maneno yake ya lugha zote mbili kwa pamoja ni pungufu sana ya 50, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au haitiki sauti, na hapo masikio yapimwe kwanza. Hesabu ifanywe vizuri. Mtoto mwenye maneno 32 ya Kiebrania na 27 ya Kiingereza, ambapo vitu 14 anavijua kwa lugha zote mbili, ana maneno 59 na dhana 45. Anayempima kwa Kiingereza tu ataona 27 na kuandika "amechelewa". Uliza kabla ya kipimo kama lugha zote mbili zitahesabiwa.

Kwa watoto wakubwa kidogo, vihusishi vinarudi tena. Sharon Armon-Lotem na Joel Walters wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan wamechunguza watoto wa Kiingereza na Kiebrania, wenye matatizo ya lugha na wasio nayo. Tofauti yenye manufaa ni hii: mtoto anayekua kawaida huelekea kuweka kihusishi cha lugha ya pili mahali pa sahihi, "angry on me", mwenye tatizo la lugha huelekea zaidi kukiacha kabisa, "angry me". Sentensi moja ya namna hiyo haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa, lakini daftari lililojaa mapengo lipelekwe kwa mtaalamu.

Kalamu inapoanza kulia

Kiebrania kina herufi 22 na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Namba huandikwa kutoka kushoto. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuandika jina lake la Kiingereza likianzia kulia, herufi zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo. Weka kitone cha kijani mahali mstari unapoanzia, kulia kwenye daftari la Kiebrania na kushoto kwenye la Kiingereza, na usitumie daftari moja kwa lugha zote mbili, kwa sababu hata jalada hufunguliwa upande tofauti.

Vitabu vya watoto wadogo huwekewa alama za vokali, nikud, kisha zinaondolewa kadiri mtoto anavyokua. Ndipo baadhi yao huanza kuziacha vokali za Kiingereza pia, "table" ikawa "tbl". Zaidi ya hayo, mwandiko wa mkono wa Kiebrania una herufi zinazofanana na za Kilatini au tarakimu lakini zina sauti nyingine: m ni kama N, s ya samech ni kama O, ts ni kama 3. Mtoto akiandika N mahali pa M, angalia kwanza kama ameandika Kiebrania sahihi ndani ya neno la Kiingereza, kabla hujafikiria tatizo la kusoma. Msomeshe herufi hizo zenye kufanana kwa jozi, mbili au tatu kwa wiki, kila moja ikiwa mwanzoni mwa neno analolijua.